Barafu ya Ukweni

Vichupa sita vilikuwa vimeibwa. Vingine kama hivyo havikuwepo popote duniani.

Aliyeviiba alikuwa mkuu wa maabara mwenyewe, Daktari Mogaka.

Hilo ndilo lililokuwa tatizo, Homa Bay, mwaka wa 1996, na Levi Nyarangi aliambiwa hivyo na bosi wake wa Nairobi kwenye kibanda cha simu nje ya posta, sikio moja kwenye simu na kidole kwenye lingine kwa sababu ya kelele za wachuuzi wa omena, dagaa wa ziwani.

"Kambare?"

"Nasikia."

"Maji yamechafuka. Nenda maabara. Kuna dada pale anaitwa Filister Aoko. Muulize."

"Na mzungu?"

"Ametoka na Daktari Mogaka kwa Pajero. Tumewasimamisha Rodi Kopany, tukapekua mpaka chini ya viti. Hawana kitu."

"Basi mzigo umepanda gari lingine."

"Ndiyo maana nakupigia wewe. Ndege ndogo inawangoja uwanja wa Lichota, Migori. Ikiruka na mzigo, usirudi Nairobi."

Simu ikakatwa.

Kambare lilikuwa jina lake la kazi ya upelelezi. Kwa wiki mbili alikuwa amejifanya mnunuzi wa samaki, kofia ya ukindu kichwani, mikono ikinuka mbuta, akimfuata mzungu mmoja anayeitwa Brandt. Brandt alisema yeye ni mtalii. Watalii hawalali Homa Bay wiki mbili bila kupiga picha hata moja. Alikuwa mtu wa Ostermark, kampuni ya dawa huko Ulaya, na kazi yake ilikuwa kununua vitu ambavyo haviuzwi.

Nyarangi alipapasa bastola, Browning, chini ya shati. Akapapasa redio ya Motorola kiunoni. Akapiga teke Yamaha DT 175 ikawaka.

Hakupenda kukaa mahali pamoja. Siku hiyo hangekaa.

*

Filister Aoko alikuwa ameketi sakafuni mbele ya friza iliyo wazi. Maji yalikuwa yametapakaa hadi mlangoni. Hakulia. Alikuwa akiyapangusa kwa gauni lake jeupe la kazi, kama mtu anayepangusa meza ya mwenyewe.

"Wewe ndiye Filister?"

"Na wewe ndiye nani? Samaki hatununui hapa."

Nyarangi akamwonyesha kitambulisho. Filister akakitazama, akamtazama yeye, akavuta pumzi.

"Mmechelewa. Alichukua sita, halafu akazima friza ya akiba na kuacha mlango wazi usiku kucha. Zilizobaki zote zimeyeyuka. Hakutaka mtu mwingine abaki nazo."

"Niambie kama unamwambia mtu aliyeacha shule darasa la saba. Nini kiko ndani?"

"Ukungu. Mweupe, kama ule wa mkate uliolala. Niliutoa Osiri, kwenye shimo la dhahabu, kwa maji ya chini kabisa ambako hata wachimbaji hawapendi kukaa. Nilishushwa na kamba kiunoni. Unaua homa ya matumbo, ile ambayo dawa za hospitali zimeshindwa nayo."

"Si urudi uchote mwingine?"

"Shimo liliporomoka wakati wa mvua za Aprili. Limejizika."

"Na vile vichupa vikiyeyuka?"

"Umekufa. Huo ukungu haurudi."

Nyarangi akakuna kidevu. "Wewe ni daktari?"

"Bado," alisema Filister, na neno lile lilimuuma kama jino. "Sikiliza, afande. Kazi yetu iko hivi. Unaanza kwa kuosha vyupa vya mkubwa. Halafu unapima vitu vya mkubwa. Halafu siku moja unapata kitu chako, na hicho ndicho kinakutoa. Kikiwa na jina lako, unasoma udaktari, unapata maabara yako, mwingine anakuoshea vyupa. Kikiwa na jina la mwingine, unabaki fundi mpaka ustaafu. Mimi nimeosha miaka sita. Kitu changu ni hicho. Sina kingine, na sitapata kingine."

"Nani amekibeba?"

"Mlinzi alimwona Oliver, dereva wetu, akitoka na flaski ya maua. Ile ya chai, ya Kichina. Akapitia kule ufukweni akanunua barafu, akaiweka kwa boksi la samaki nyuma ya Peugeot 504."

"Oliver anajua anabeba nini?"

"Oliver akitumwa na mkubwa haulizi. Ukimwambia abebe paka, atabeba."

Mogaka alikuwa amepanga vizuri. Mkubwa habebi flaski. Mkubwa anapita vizuizi vya polisi mikono mitupu, na dereva anamfuata nyuma na boksi la samaki linalonuka, ambalo hakuna askari atakayetia mkono.

"Panda," alisema Nyarangi.

"Kwa hiyo pikipiki?"

"Una nyingine?"

*

Rodi Kopany. Askari wa kizuizi aliinua mkono.

"Peugeot nyeupe? Imepita kitambo. Inavuja maji nyuma kama inakojoa."

Yamaha ikanguruma.

Vilima. Vumbi. Lori la mawe. Ng'ombe katikati ya barabara. Filister alishika koti la Nyarangi kwa nguvu hadi kifungo kikaruka.

Rongo. Walisimama kutia mafuta. Nyarangi akatoa Motorola.

"Kambare kwa Omena."

Omena alikuwa Metrine, mwanamke mwenye beseni la maparachichi kwenye daraja la mto Migori. Chini ya maparachichi kulikuwa na redio na bunduki ya Sterling.

"Omena anasikia."

"Peugeot imevuka?"

"Haijavuka. Pajero ndiyo imevuka. Wako uwanjani Lichota. Mzungu anazunguka ndege kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga."

"Mzigo bado, kwa hivyo."

"Bado. Na wamekasirika."

Nyarangi akatazama barabara. Kutoka Rodi mpaka Migori, Peugeot ile ilipaswa kufika mapema sana. Haikuwa imefika. Haikuwa imeharibikia njiani, wangeiona. Ilikuwa imepotea kati ya Rongo na daraja.

"Kuna mtu mwingine anautaka mzigo," alisema. "Oliver ametekwa."

Filister alikuwa akitikisa mguu, akitazama jua. "Barafu ya ufukweni haikai," alisema. "Wanaitengeneza haraka, ina mapovu. Twende. Twende tu."

Wakaenda.

Awendo ilikuwa imefungwa na miwa. Matrekta yalikuwa yamepanga foleni hadi kwenye geti la kiwanda cha sukari, kila moja na matela mawili, na watoto wakivuta miwa kutoka nyuma huku madereva wakiwatukana bila kugeuka. Nyarangi alipenya kati ya tela na mtaro. Majani ya miwa yalimchana shavu.

Ghafla Filister akampiga bega.

"Simama! Simama, ndugu yangu!"

Breki. Vumbi likawapita.

"Oliver alioa Desemba."

"Hongera zake. Na?"

"Alioa hapa. Awendo. Mke anaitwa Edith. Maabara yote tulichanga." Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Mtu ametoka Homa Bay, ana barafu ya pesa za ofisi, ana gari la mafuta ya ofisi, anapita mbele ya boma la mama mkwe. Hatanunua samaki?"

Nyarangi alizaliwa Oyugis, kwenye mila hizo hizo. Hakuhitaji maelezo zaidi.

Mkwe hapiti bila kuingia. Akiingia, haendi mikono mitupu. Na akishaketi, hainuki mpaka kuku achinjwe, apikwe, aliwe. Akiinuka mapema ametukana ukoo mzima.

Mogaka alikuwa amefikiria polisi, forodha, mpaka na ndege. Hakufikiria mama mkwe.

"Boma liko wapi?"

"Sijui. Tulikuja usiku."

Nyarangi akatazama chini. Kwenye njia ya vumbi iliyokata kushoto katikati ya mashamba ya miwa, matone ya maji yalikuwa yamechora mstari mweusi, umepinda kidogo, kama mkojo wa fahali.

Akakata kushoto.

*

Peugeot ilikuwa imeegeshwa ndani ya ua wa minyaa. Boksi la samaki halikuwepo nyuma.

Watoto watano walikuwa wameketi kwenye kivuli cha gari, wakitafuna kitu kwa kelele.

Barafu.

"Mungu wangu," alisema Filister.

Oliver alikuwa sebuleni, kwenye kochi lenye vitambaa vilivyofumwa, amevaa koti la suti katika joto lile, mikono kati ya magoti. Alipomwona Filister, jasho lilimtoka upya.

"Filister. Aki nisaidie."

"Flaski iko wapi?"

"Jikoni."

"Kwa nini iko jikoni?"

"Mama alitoa vitu vyote kwa gari. Alisema mzigo wa mkwe haulali nje. Nikamwambia ile flaski ni ya kazi. Akasema ni nzuri." Sauti yake ikashuka. "Nimesikia ikioshwa."

"Si ungeenda uichukue!"

"Jikoni? Jikoni kwa mama mkwe?" Oliver alimtazama kana kwamba amemwambia avue suruali. "Filister, wewe unajua mila zetu. Usiniulize hivyo."

Filister alikuwa ameshakimbia.

Mama Edith, mwanamke mpana mwenye leso mbili, alikuwa ameinama juu ya sufuria. Kuku alikuwa anatokota. Flaski ya maua ilikuwa mezani, imejaa chai ya maziwa. Kando yake kulikuwa na beseni lenye maji moto, na ndani ya maji vichupa vidogo vya kioo vikigongana.

"Nyathina, mwanangu, karibu. Hizo chupa zilikuwa ndani, sikutupa. Nimeziosha vizuri na maji moto. Ni za sindano?"

Filister alipiga magoti. Alitia mkono ndani ya beseni. Kimoja. Cha pili. Cha tatu. Alivishika mbele ya mwanga. Kile kilichokuwa cheupe na kigumu sasa kilikuwa maji ya kijivu.

Cha nne. Cha tano.

"Ni tano," alisema. "Mama, ya sita iko wapi?"

"Nilimwaga barafu ya flaski kwa samaki, wasiharibike. Labda imeingia huko."

Boksi lilikuwa kwenye kona. Filister alizamisha mikono yote miwili kati ya ngege, akageuza, akarusha mmoja pembeni, akachokonoa tope la barafu lililobaki chini.

Nyarangi alisimama mlangoni.

Filister akatoa ngumi. Akaifungua.

Kichupa kilikuwa kimeganda na barafu ubavuni. Ndani, kitu cheupe, kigumu kama msumari.

"Iko hai," alinong'ona.

Motorola ikakoroma.

"Omena kwa Kambare! Pajero imetoka Lichota, imerudi upande wako. Imepita daraja kitambo, nilikuwa nakutafuta hupatikani. Chunga!"

Nje, injini kubwa ilizimwa. Milango miwili ikafungwa.

Nyarangi alichungulia dirishani. Brandt, mrefu, miwani ya Ray-Ban, Beretta mkononi. Nyuma yake Daktari Barnabas Mogaka, tai shingoni, akiyakwepa mavi ya ng'ombe kwa viatu vyake vya kung'aa. Walikuwa wamefuata mstari ule ule wa maji.

"Irudishe kwenye barafu," alisema Nyarangi kwa sauti ndogo. "Haraka."

Filister alimshika ngege mmoja, akampanua mdomo, akakisukuma kichupa ndani hadi kooni. Akamzika samaki chini ya barafu iliyobaki.

Mlango ukapigwa teke.

*

"Mikono juu," alisema Brandt. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, na hilo lilimfanya achukize zaidi. "Bastola chini. Polepole."

Nyarangi aliiweka Browning sakafuni. Umbali wa hatua moja. Hatua moja ni mbali sana ukitazamwa na Beretta.

"We!" Mama Edith aligeuka na mwiko. "Hapa ni kwangu! Unaingizaje bunduki mahali mkwe anangoja chakula?"

"Tulia, mama," alisema Mogaka. Akamgeukia Filister, na sauti yake ikawa laini. "Filister, binti yangu."

"Mimi si binti yako."

"Sikukuita kwa sababu nilijua utakasirika. Lakini nafasi yako ipo. Nimemwambia Brandt. Huko wana friza kubwa kuliko hii nyumba. Utasoma udaktari wako, utalipiwa, utapewa nyumba. Hapa utangoja nini? Hapa stima inapotea kila wiki."

"Na jina?"

"Litakuwepo. La pili."

"La kwanza la nani?"

Mogaka hakuona aibu. "La kwangu."

"Wewe ulishuka shimoni?"

"Filister, mimi pia niliosha vyupa vya mtu. Nilipata kitu changu nikiwa na miaka ishirini na saba. Yule mzee akaandika jina lake juu, langu chini, kwa herufi ndogo. Nikanyamaza, ndipo nikapanda. Hii kazi inaenda hivyo. Sasa ni zamu yangu. Kesho kutwa itakuwa yako."

Jikoni kuku alitokota.

Nyarangi alimtazama yule dada. Miaka sita ya vyupa. Ulaya. Udaktari. Alihesabu na hakupenda jibu. Mtu yeyote angekubali.

"Sawa," alisema Filister. "Nimekubali."

Nyarangi akafumba macho kidogo.

Filister aliinua beseni. Vichupa vikagongana. Akampelekea Brandt kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anayemnawisha mgeni.

"Chukua. Ni tano. Moja ilivunjika."

Brandt alinyoosha mkono wa kushoto. Mogaka, mwenye haraka, akatangulia, akatumbukiza vidole.

Akaviondoa kama ameguswa na nyoka.

"Ni moto! Maji ni moto! Zimekufa zote! Oliver! Oliver, mjinga wewe—"

Brandt aligeuza macho. Nusu ya nukta.

Ilitosha.

Nyarangi alinyakua flaski ya maua na kuirusha. Ilipasuka kifuani pa Brandt. Lita nzima ya chai ya maziwa, moto, yenye sukari nyingi. Brandt alinguruma. Beretta ikalia. Kitu kikaung'ata mkono wa kushoto wa Nyarangi. Alijitupa sakafuni, akaipata Browning.

Mwiko wa Mama Edith ulifika kabla yake. Uligonga kifundo cha mkono wa mzungu kwa sauti ya tawi kavu.

Beretta ikaanguka.

"Bunduki!" mama alipiga kelele, akipiga tena. "Kwangu! Bunduki!"

Nyarangi alimpiga Brandt risasi moja pajani, ili asipate taabu ya kukimbia.

Mogaka hakungoja. Alikuwa ameshafika kwenye Pajero. Injini ikawaka, magurudumu yakarusha udongo, watoto wakatawanyika wakipiga mayowe.

Geti la ua lilikuwa jembamba, gari moja tu.

Nyarangi alikimbia, damu ikichirizika. Akaishika Yamaha yake kwa usukani, akaisukuma kwa nguvu zote, akaiachia katikati ya geti, akaruka pembeni kwenye minyaa.

Chuma kikagonga chuma.

Pajero ilipanda juu ya pikipiki, ikaning'inia, magurudumu ya mbele yakizunguka hewani. Mogaka alibaki ndani, ameshika usukani kwa mikono miwili, akitazama mbele, kama bado anaendesha.

Nyarangi alifungua mlango.

"Shuka, daktari."

*

Kiwanda kilikuwa na zahanati, na zahanati ilikuwa na friji ya chanjo. Trekta la miwa liliivuta Pajero kutoka getini, na Brandt na Mogaka wakaachwa wamefungwa kamba, majirani wakiwalinda. Oliver aliendesha Peugeot katikati ya matrekta, mkono kwenye honi. Filister alikaa kando yake na samaki mapajani, amemfunika na barafu ya mwisho na leso ya Mama Edith. Njia yote alisema mara moja tu.

"Endesha, Oliver."

Muuguzi alibisha kwanza. Friji ile haikuwa ya samaki. Kisha Filister akatoa kichupa mdomoni mwa ngege, muuguzi akafungua sehemu ya barafu.

Filister alisimama mbele ya ule mlango mdogo uliofungwa. Akaegemeza paji la uso hapo.

"Ulijuaje hawataangalia samaki?" Nyarangi alimuuliza. Mkono wake ulikuwa ndani ya bendeji nene.

"Daktari Mogaka hajatia mkono kwa kitu kinachonuka tangu apandishwe cheo."

"Nilidhani umeenda nao."

Filister hakugeuka. "Hata mimi nilidhani. Mpaka nilipoinua beseni."

Nyarangi alivaa kofia yake. Hakuaga. Alitoka akashika barabara kwa miguu kuelekea lami, kati ya miwa, kwa mwendo wa mtu asiyefuatwa na yeyote. Redio ikakoroma.

"Omena kwa Kambare. Ndege imeshikwa, rubani amekaa chini analia. Nairobi wanataka orodha ya hasara. Umepoteza nini?"

"Andika."

"Naandika."

"Vichupa vitano. Yamaha moja. Flaski moja, ya maua. Kidole kidogo, mkono wa kushoto, hakikuonekana. Nadhani mbwa wa pale anajua. Oliver hana kazi. Na aliinuka kabla hajala, mama mkwe amesema arudi kuomba msamaha na jogoo wawili."

"Na yule dada?"

Nyarangi alitembea kidogo. Tela la miwa lilipita, likamwachia vumbi.

"Hana mkubwa. Hana maabara, imefungwa kuanzia leo. Hana Ulaya."

"Amebaki na nini?"

"Kichupa kimoja."